Sahihi ya Tatu

"Basi tia sahihi, mama," mwanangu alisema, "lakini usiseme unatia kwa ajili yangu."

Nilimwambia asinipandishie sauti nikiwa nimeshika mtoto mwenye sabuni. Tulikuwa tumeanza tangu nilipoingia chumbani kwao, saa tatu kasoro robo asubuhi, na mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemshinda mwenzake. Yeye alikaa kizingitini, amevaa fulana na suruali ya sare, anapiga brashi buti la pili. Mimi nilikuwa kwenye kigoda namwogesha mjukuu wangu wa miezi saba, ambaye pia ni somo yangu, jina letu moja, na kwa sababu hiyo huwa simkatalii kitu. Alikuwa anapiga maji kwa viganja na kucheka. Kwake yeye ugomvi wa watu wazima ni ngoma tu.

"Nasema kwa ajili yako kwa sababu ni kwa ajili yako," nilimjibu. "Ungekuwa mwalimu ningesainia chaki."

Kituo chetu cha polisi kina watumishi wawili wasiovaa sare: mimi na mfagiaji. Mimi ni afisa ugavi. Nina stashahada ya fani hiyo na miaka kumi na tisa ya kutoa blanketi, betri za tochi, mikanda na karatasi. Mwaka huo jeshi lilikuwa linawagawia polisi silaha zake za ziada, bunduki kubwa za kivita zinazofyatua mfululizo, risasi yake moja ndefu kuliko kidole changu cha kati. Kituo kinachozitaka kinajaza fomu, na fomu inataka sahihi tatu: ya mkuu wa kituo, ya mtunza silaha na ya afisa ugavi. Mbili zilishapatikana. Gari la makao makuu lingepita saa nne asubuhi hiyohiyo kuchukua fomu. Iliyobaki ilikuwa sahihi yangu, na fomu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, juu ya kitanda cha mwanangu.

Sikuwa na shaka yoyote. Miaka kumi na miwili iliyopita baba yake alikuwa konstebo, akajibanza nyuma ya ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi siku majambazi walipokuja na bunduki za vitani. Yeye alikuwa na ile bunduki fupi ya kituo, ambayo mpaka leo ndiyo tuliyonayo. Ukuta haukumsaidia. Risasi zilipita kwenye matofali kama sindano kwenye kitambaa, na moja ikamkuta pajani. Siku hizi anatembea kwa gongo na hutania kwamba ule mguu unatabiri mvua kuliko redio. Yeye hucheka. Mimi ndiye niliyefua yale mashuka. Kwa hiyo kijana wetu alipoamua naye kuvaa sare, nilijiwekea kiapo changu kimyakimya: huyu hatasimama mbele ya bunduki ya vita akiwa na kitu cha kufukuzia nyani.

"Dawa ya moto ni moto," nilimwambia.

"Dawa ya moto ni maji," akasema bila kuinua macho.

Nilimuuliza kama amehamia zimamoto. Alicheka kidogo, pumzi ya puani tu, kisha akarudia yaleyale aliyokuwa anasema tangu mwanzo. Kwamba katika miezi yake ishirini na miwili ya kazi amekamata wezi wa nyaya, walevi, kijana mmoja mwenye panga na bwana mmoja aliyemng'ata jirani yake sikio, na hakuna hata mmoja aliyehitaji bunduki ya kuangushia ndege. Nikamwambia majambazi wa aina ya wale wa baba yake hawajaisha duniani, na hawatumi barua kabla ya kuja. Hilo alilikubali. Akasema wale huja mara moja kwa miaka kumi, lakini bunduki zikishaletwa zitakuwa hapa kila siku, mikononi mwa watu waliofundishwa nusu siku.

Hilo la nusu siku alilisema taratibu. Kisha akarudi kwenye buti.

Huyu mwanangu tangu mdogo akificha jambo husugua kitu. Siku aliyovunja kioo cha kabati, nilirudi nyumbani nikakuta sufuria zote zinang'aa. Na lile buti lilikuwa limeshang'aa kiasi cha mtu kujitazamia, lakini brashi haikusimama.

Nilimtoa mtoto majini, nikamfunga taulo, nikainamisha beseni kumwaga maji. Beseni hilo lilikuwa linavuja wiki nzima. Walikuwa wamelizibia kitako kwa nta ya mshumaa, nami nilishasema mara mbili, tena kwa sauti, kwamba sielewi watu wawili wenye mishahara wanashindwaje kununua beseni. Safari hii nta ilibanduka. Nikaliinua beseni kwenye mwanga wa mlango.

Tundu lilikuwa la duara kamili, safi, kama limetobolewa kwa mashine. Mimi nimepokea na kukataa vyombo vya plastiki maisha yangu yote ya kazi. Plastiki ikipasuka huacha ufa. Haiachi duara.

Nikatazama ukutani, pale kwenye msumari ambapo beseni hutundikwa, usawa wa kiuno changu. Pembeni ya msumari palikuwa na saruji mpya, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nikageuka kutazama ukuta wa pili, juu ya kitanda. Pale walining'iniza kalenda, chini kabisa, karibu na mto. Siku tatu kabla nilikuwa nimewatania kwamba wameiweka mahali pa kusomwa na mtoto. Mkwe wangu hakucheka siku ile, na mimi nikadhani amechoka, maana yeye hutoka alfajiri kwenda kazini kwenye duka la mikate.

Nilimpa mwanangu mtoto, nikaifunua kalenda. Kidole changu cha mwisho kiliingia tunduni mpaka kwenye fundo.

"Nani?" nikamuuliza.

"Mimi."

Akanieleza akiwa amesimama, mtoto begani, na mimi nikasikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Askari wetu wote wamelelewa na ile bunduki fupi. Ile, hata ukiikoki kwa kuvuta chuma chake nyuma, risasi haikai ndani ya mtutu. Inasubiri kwenye magazini mpaka ufyatue. Kwa hiyo kila anayerudi zamu hufanya vitu vitatu, na hufanya hata akiwa na usingizi: anachomoa magazini, anaelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga iliyoegeshwa kwenye uzio wa mabati, anafyatua. Chuma kinagonga chuma, tak, anajua bunduki ni tupu, anaingia ndani kunywa chai. Miaka yote hiyo sijawahi kusikia ndoo ile imetumika kwa kweli. Mchanga wake ulishapungua nusu na hakuna aliyeleta fomu ya kuomba mwingine. Ningeusaini siku hiyohiyo.

Siku ya majaribio, wiki iliyotangulia, jeshi lilileta bunduki mbili za kivita. Mimi nilikuwa makao makuu, nimefuata hizohizo fomu. Walifyatua uwanjani nyuma ya kituo asubuhi nzima, na majirani walishaambiwa wasishtuke. Mchana mwalimu wao akaenda kula. Mwanangu akaibeba moja kuirudisha. Alikuwa ameikoki. Akafika kwenye ndoo, akachomoa magazini, akaelekeza mtutu, akafyatua, vilevile kama siku zote. Lakini hii kubwa ukiikoki inavuta risasi moja na kuiweka ndani ya mtutu, na ukichomoa magazini ile moja inabaki.

Ilipita kwenye ule mchanga kidogo. Ikapita kwenye bati. Nyuma ya bati ni nyumba za askari, na chumba cha kwanza ni chake.

Mkwe wangu, ambaye siku hiyo hakwenda dukani, alikuwa amekwenda bombani. Ni hatua ishirini, watu wote wa mstari ule huacha watoto wakilala wakaenda bombani.

"Alikuwa amelala pale," mwanangu alisema, akionyesha kwa kidevu kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. "Vumbi la saruji lilikuwa kwenye kope zake. Mama, nilisimama hapo ulipo nikashindwa kusogea. Halafu nikampuliza. Akapiga chafya, akaendelea kulala."

Mimi nikishindwa kusema hupima. Nilitandaza kiganja changu kwenye ukuta, kutoka tunduni kushuka mpaka kwenye mto. Shibiri moja na nusu. Nikapima tena kwa mkono mwingine, kama vile mkono wa kushoto ungenipa zaidi.

Kisha nilimvuta yeye na mtoto wake kwangu, na brashi yake ya buti, wote kwa pamoja. Ana urefu wa kugonga vizingiti, lakini alijikunja mpaka paji lake likafika begani kwangu. Hakulia. Alikuwa anahema tu, na mtoto katikati yetu alikuwa amekamata hereni yangu na kuivuta kama kamba ya kengele. Tulikaa hivyo mpaka sikio liliponiuma nikalazimika kujinasua.

Nilimuuliza nani anajua. Mkewe anajua. Sajenti mtunza silaha, tunayemwita Kufuli, anajua. Ndiye aliyepaka saruji kwa mkono wake. Na Afande Mkuu anajua. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia wafunike kombe mwanaharamu apite. Mwanangu hajathibitishwa kazini. Imebaki miezi miwili. Askari ambaye hajathibitishwa akifyatua risasi kwa bahati mbaya hafikishwi hata mbele ya kamati. Anarudisha sare, anapewa barua, na chumba anahama mwisho wa mwezi.

Hapo nikaelewa fomu. Ukurasa wa pili una swali: je, ilitokea ajali yoyote wakati wa majaribio? Jana yake nilipoipokea mezani kwangu niliona alama kwenye "hapana", na sahihi ya Mkuu, na ya Kufuli, nikageuza ukurasa.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Umenikalisha hapa nusu saa unanihubiria habari ya maji na moto."

"Kwa sababu ungejua ungenifichia." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja umri wa mama yake. "Nilitaka uzikatae kwa sababu nyingine."

Ningependa kuandika kwamba alinikosea. Hakunikosea. Wakati anaongea, kichwa changu kilishafika mbali: ningetia sahihi, gari lingeondoka, ningenunua beseni jipya, ndoo ningeijaza mchanga mpaka juu, na baada ya miezi miwili mwanangu angethibitishwa. Yote hayo nilishayapanga kabla hajamaliza sentensi. Uchungu wa mwana una hesabu zake, na haziulizi ya jirani.

Nikamwambia kwa sauti: miezi miwili tu. Nyamaza miezi miwili.

Alimlaza mtoto kitandani kumvalisha. Mikono yake ni mikubwa, na vifungo vya nguo ya mtoto ni vidogo. Huwa inamchukua muda na huwa simsaidii.

"Ule ukuta wa baba," alisema akiwa kwenye kifungo cha pili, "matofali yake ni haya haya. Yeye majambazi walimpiga kupitia ukuta. Huyu nimemfyatulia mimi. Tukizileta tutakuwa askari thelathini wenye mikono kama yangu, na kila tutakapofyatua kuna mtu upande wa pili wa ukuta, hajui hata kama tupo." Akafika kifungo cha tatu. "Wakinifukuza nitatafuta kazi. Andika, mama. Andika na namba yangu."

"Na majambazi wakija?"

"Nitaogopa," alisema. "Hata nikiwa nayo nitaogopa."

Nilimsubiri amalize kifungo cha mwisho. Nilimchukua mtoto, nikampeleka kwa jirani anayelea watoto mchana, nikamwambia ameshaoga, ameshakula, akilia sana ana usingizi. Nikachukua mkoba wangu. Mwanangu alivaa shati, akanifuata nyuma hatua tatu, kama alivyokuwa akinifuata nikimpeleka shule.

Afande Mkuu alikuwa mezani, chai mkono mmoja, faili mkono mwingine. Si mtu mbaya, na sitaki asomeke hivyo. Ukutani nyuma yake ana picha za askari vijana wawili waliouawa barabara kuu mwaka jana, na kila Jumatatu huzifuta vumbi mwenyewe. Aliniuliza kama fomu iko tayari. Nilimwambia iko tayari isipokuwa sehemu yangu, na kwamba sitapendekeza. Na ajali nitaiandika.

Alimtazama mwanangu aliyesimama mlangoni, kisha akanigeukia mimi, akaweka kikombe chini.

"Jana ulikuwa upande wangu, mama."

"Jana sikuwa nimepima."

"Umepima nini?"

"Kutoka tunduni mpaka kwenye mto wa mjukuu wangu. Shibiri moja na nusu, Afande. Nenda kapime na wewe, mlango haujafungwa."

Alifunga faili. Kisha akaongea, na wala hakunigombeza. Alisema aliwazika wale wawili kwa mkono wake, na wazazi wao walimuuliza swali moja tu: kwa nini walipewa vile vibunduki. Hataki kuulizwa tena. Akasema lile la mwanangu ni kosa la mafunzo, na mafunzo yataongezwa. Nikamwambia basi aombe mafunzo kwanza, na fulana za kuzuia risasi, na redio inayosikika ng'ambo ya daraja, na nitazisaini zote tatu kabla chai yake haijapoa. Akasema hivyo ameviomba miaka minne, havijaja. Hizi bunduki zinakuja kwa kuwa jeshi halizitaki tena. Mtu mwenye njaa hachagui.

Hilo lilinigusa, kwa sababu ni kweli. Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Wale wazazi walikuuliza swali lao," nilimwambia. "Wiki iliyopita mimi ilibaki shibiri na nusu nije kukuuliza langu. Nawe ungeniambia nini? Kwamba kijana alichomoa magazini vizuri?"

Afande alisugua uso kwa viganja vyote viwili.

"Watamwondoa," alisema. "Sitaweza kumzuia."

"Najua."

"Ni mwanao."

"Najua ni wa nani. Nilikuwepo."

Kule mlangoni mwanangu alikohoa, kikohozi cha kumeza kicheko, na hata Afande mdomo ulimcheza. Kisha alifungua droo, akatoa mhuri wa kituo, akausukuma upande wangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula asichokitaka. Alama yake kwenye "hapana" hakuifuta. Wala hakunizuia.

Sehemu ya afisa ugavi ina mistari minne ya maelezo. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiiacha tupu. Nilitoa kalamu nikaandika: *Ajali ilitokea siku ya majaribio. Silaha ilifyatuka wakati wa kukaguliwa kwenye ndoo ya mchanga, risasi ilipita uzio na ukuta wa nyumba ya askari, mtoto akiwa amelala ndani, hakuumia. Kuta za hapa na za majirani haziizuii. Sipendekezi. Naomba badala yake mafunzo, fulana za kuzuia risasi na redio.* Mistari minne haikutosha, nikamalizia pembeni.

Niliandika bila kusita mpaka nilipofika mahali pa kuandika namba ya askari aliyehusika. Naijua namba hiyo kuliko ya simu yangu. Nimeishona mwenyewe kwenye mashati yake matano. Niliandika tarakimu mbili nikasimama. Mwanangu alikuja, akachukua kalamu mkononi mwangu taratibu, akamalizia zilizobaki, akatia sahihi yake chini. Nilikuwa nimeweka kiganja mgongoni mwake, na kupitia shati nilisikia moyo wake unavyokwenda. Niligonga mhuri mara moja, kwa nguvu.

Nje honi ililia. Saa nne kasoro dakika tano. Dereva wa makao makuu hajawahi kuchelewa hata kwa jambo jema. Niliilamba bahasha, nikaifunga, nikatoka nayo uani. Mwanangu alikuja upande wangu, safari hii si nyuma. Dereva alitaka kunipigisha soga kuhusu barabara. Nilimwambia atie sahihi kwenye kitabu cha barua, akatia, akaiweka bahasha kwenye kiti cha mbele na kuondoka.

"Sasa?" mwanangu aliuliza.

Nilimwambia zamu yake inaanza saa nne, na shati halijachomekwa nyuma. Akageuka, nikamchomekea.